Gari la Kavira Linakataa Vitesi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu 2014

Gari limefika kutoka Mahagi! Dogo, la Kijapani, pedali mbili tu. Vitesi, yaani gia, linabadili lenyewe. Ni la Kavira, mke wangu. Miaka kumi aliteremka Kasenyi na pikapu yake kutafuta samaki, mwanamke peke yake kati ya madereva. Kisha ajali ya pikipiki. Mguu wake wa kushoto umelala, hauwezi kukanyaga ambreyaje, ile pedali ya tatu ya klachi. Miaka mitatu sijamsikia akiimba.

Jumamosi ni sikukuu ya wanawake. Wamama wa samaki watapita kwenye defile, gwaride la mjini. Kila mwaka Kavira anafunga dirisha asisikie tarumbeta za fanfare. Safari hii atapita mbele yao, ameshika usukani. Nimeapa.

Jioni nimelijaribu. Balaa! Injini ikianza kulia kutaka kitesi cha pili, gari linasimama papo hapo. Nimegonga paji la uso kwenye kioo, nundu imetoka. Bwati ya vitesi, sanduku la gia, ni mgonjwa, hakuna shaka. Kavira nimemwambia nimejigonga mlangoni.

Jumanne, tarehe 4

Mimi ni fundi cherehani, lakini mashine ni mashine. Nitatengeneza mwenyewe. Katsuva, fundi wa magari wa kartie, mtaa wetu huu, hataligusa. Ndiye aliyepeleka mbuzi wa mahari kwa baba yake Kavira kule Butembo kabla yangu. Mbuzi walirudishwa. Mimi sijasahau.

Nimepima mafuta ya bwati. Kijiti kinaonyesha yamezidi sana. Nimemwaga lita mbili. Sasa gari limekataa hata kuondoka. Nimeyarudisha, pamoja na nzi wawili.

Katsuva amepita akasema, bila kuulizwa, kwamba mafuta ya otomatiki hupimwa injini ikiwa inawaka na imepata moto. Nimemjibu kwamba mimi wateja wangu huwapima wakiwa wametulia.

Jumatano ya Majivu, tarehe 5

Padri ameniwekea majivu juu ya nundu kabisa. Nimeuma meno.

Mama Geneviève, mkubwa wa wamama wa samaki, amekuja kuuliza blauzi kumi na mbili za defile. Zilikuwa tayari nne tu. Kikwembe cha kushonea ya tano nilikuwa nimekilalia chini ya gari. Nimemweleza kwamba yale madoa meusi ni modeli mpya ya Kampala. Ameondoka bila kuaga.

Kavira hakunigombeza. Ameloweka kikwembe, kisha amekaa mlangoni akishona vifungo kwa mkono. Vyote. Niliona haya, nikarudi chini ya gari.

Alhamisi, tarehe 6

Ujanja mpya. Nimepeleka gari kwa Katsuva nikisema ni la rafiki yangu Anselme. Hakuna Anselme. Amelizungusha hadi njia ya uwanja wa ndege na kurudi. Amesema bwati ni nzima, vitesi vinapanda laini kama siagi, huyo Anselme ndiye atazamwe. Amenituma nimsalimie. Kisha ameuliza hali ya Kavira, kwa heshima, na hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Nilikuwa narudi na hasira zangu. Mbele ya kizuizi cha askari gari limesimama tena, ghafla. Bunduki zimeinuliwa. Nami nimeinua mikono. Amani ipo, lakini upande wa Aveba wanasema risasi zimesikika juzi, na mtu hasimami vile mbele ya kizuizi. Nimewaeleza habari ya kitesi cha pili. Wamecheka, wameniachia.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeshindwa. Nimemwambia Kavira kila kitu, hata nundu. Hakucheka. Amesema nimtembeze.

Nimeendesha. Yeye hakutazama barabara, alitazama chini. Gari lilipogoma mara ya tatu ameuliza polepole: «Baba Patience, ule muguu yako ya kushoto iko inafanya nini pale?»

Nimetazama. Ulikuwa juu ya freni, pedali ya kusimamisha gari. Miaka ishirini nimeendesha magari ya ambreyaje: injini ikilia tu, mguu unakwenda kuitafuta wenyewe.

Tumebadilishana viti. Mguu wake wa kushoto umelala pembeni kama ulivyo siku zote, haukugusa kitu. Wa kulia umefanya kazi yote. Kitesi cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila kusikika. Tulipovuka soko alikuwa anaimba. Nimegeukia dirisha, nikamwambia vumbi la Bunia limezidi. Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haitoki.

Jumamosi, tarehe 8

Amepita! Taratibu, mwendo wa fanfare, blauzi kumi na mbili nyuma yake. Moja ina doa. Hakunipungia mkono, alikuwa kazini. Katsuva alikuwa karibu yangu, akipiga makofi. Nami nimepiga, kwa nguvu kumshinda.

Jumatatu, tarehe 10

Kavira ameteremka Kasenyi na gari lake tangu asubuhi. Ameniachia ugali na maneno: nishone, nisitoke.

Nimefikiri sana. Habari ya mguu nakubali, kidogo. Lakini Katsuva asijisifu. Mafuta yale yalihitaji siku mbili tatu kuzoea mkono wangu, ndiyo maana bwati imetulia siku ileile ya Ijumaa.

Spana nimeziosha, nimezipanga mlangoni. Akirudi nitafungua bwati kidogo tu, nione kwa nini inafanya kazi vizuri hivi.