Mto wa Mutsamudu na Mtaalamu Kutoka Moroni

Mutsamudu, 4 Juni 1984

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Tume ya Kupima Udhaifu wa Mito, Moroni.

Baada ya salamu na kukuombea afya, nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa sote wawili kilitulea Unguja, na Kifaransa changu hakitoshi kwa hasira niliyonayo.

Tangu Jumatatu iliyopita, kwa ripoti ya tume yako, kufua mtoni ni marufuku. Akina mama wa mtaa wetu, ambao hula kwa kufua nguo za watu, wamekaa na mabeseni makavu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaalamu wako, Bwana Tadjidine, ni mtoto wa mtaa wa Magoudjou huko huko Moroni, amekua kwa maji ya mvua ya tangini. Simlaumu, kisiwa chenu Mungu hakukijalia mto. Lakini siku ya kwanza aliwauliza wafuaji, "Usiku mto mnaufungia wapi?" Bi Moinafouraha akamjibu, "Kule juu, mwanangu, ufunguo anao imamu." Akaandika. Ukurasa wa tatu wa ripoti unataka imamu ahojiwe.

2. Alihesabu samaki pale pale askari wazungu wanaomlinda Rais wanapooshea magari yao. Mafuta meusi yakapita, na samaki wakafuata, matumbo juu. Akaandika kwamba wameuawa na sabuni ya akina mama. Nilipomwonyesha magari alininong'oneza, "Mzee, hayo hayamo kwenye fomu." Kweli, fomu haina bunduki.

3. Ikiwa kipande cha sabuni kinaua mto, basi ikatazeni na mvua, maana ndiyo inayoleta tope. Au uhamisheni mto wenyewe hadi kwenu Moroni, sokoni Volo Volo, muupime mkiwa mmekaa, sisi mtuachie mawe.

4. Hili nimelifuta. Askari mmoja alipita karibu nikiliandika.

Kwa hiyo naomba marufuku iondolewe kabla ya Ijumaa. Bi Moinafouraha ana nguo za harusi nzima, na bibi harusi hana subira.

Nisalimie wote wa ofisini, na Bwana Tadjidine mpe pole ya safari.

Ni mimi, mtetezi wa mto bila mshahara,
Allaoui Combo

Nimesahau: mtaalamu asipande hadi kwenye chanzo cha mto. Huko hakuna cha kupima, ni visiki tu. Maua ya langilangi hayatoi mafuta ya manukato bila kuni, na mtambo wangu wa kuyachemsha hula mti mzima kwa siku. Zamani maji yalifika kiunoni, sasa hayafiki magotini. Hilo nalo, tafadhali, andikeni ni sabuni.