Katiba ya Kiti cha Karibu na Jiko

Asubuhi hiyo Paris ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio, na gazeti la mkahawa wetu, ambalo ni moja tu, lilikuwa mikononi mwa Wakili. Tunamwita hivyo kwa sababu ana joho la uwakili. Kesi bado hajapata. Pembeni yake alikuwepo Nywele, mtengeneza wigi, kajaa unga wa kunyunyizia wigi mpaka kwenye kope. Na Nta, muuza mishumaa, alikuwa juu ya mto wake kwenye kiti cha karibu na jiko la kuni, alichokikalia miaka tisa kana kwamba alizaliwa nacho. Mimi nilikuwa kaunta, mkono mmoja namimina kahawa, wa pili nimempakata Lubin wangu wa miezi minane, anayekohoa tangu Jumapili.

Wakili akasoma. Majaji wamegoma kuandika amri mpya ya mfalme kwenye daftari la sheria, basi mfalme kaenda mahakamani mwenyewe, kaketi juu ya mito yake, na amri ikaandikwa hapohapo. Ndiyo desturi. Mfalme akishaketi kwenye mito, mjadala umekwisha.

"Mito tu?" Nta akauliza.

Wakili akapandisha mori. Akasema mtu mmoja akitunga sheria, akaitekeleza yeye, na kesi akahukumu yeye, hapo usitafute uhuru. Madaraka yagawanywe mafungu matatu.

"Kama kile kiti," Nywele akachomekea.

Tukageuka wote. Kweli bwana. Nta ndiye aliyeamuru kiti ni chake, ndiye anayefukuza watu, na malalamiko anayasikiliza yeye.

"Nayasikiliza vizuri tu," akajitetea. "Sijawahi kushindwa kesi hata moja."

Hapo nikaona mwanya. Nikasema naomba Lubin akae pale kwenye joto, kifua kinamsumbua.

"Subiri kidogo, Mama Lubin," Wakili akasema. "Sheria kwanza."

Wakagawana: Wakili atunge, Nta atekeleze, Nywele ahukumu. Wakahamia meza ya dirishani na karatasi na wino, Nta mbele, maana cheo kimempendeza. Kifungu cha kwanza kikasomwa kwa sauti: kiti ni cha watu wote wa mkahawa, kwa zamu.

Nikauliza kama na mimi nimo kwenye hao watu.

Nywele akaanza kujikung'uta unga kwenye koti.

"Wanawake tutawafikia kifungu cha arobaini," Wakili akasema, kwa upole kabisa.

"Na sasa mko cha ngapi?"

"Cha kwanza."

Wakaanza kubishana kama zamu ipimwe kwa vikombe au kwa kengele za kanisa. Kile kiti kilikuwa kitupu, mara ya kwanza kwa miaka tisa. Nikamkalisha Lubin juu ya mto wa Nta, nikamzungushia shali yangu. Kikohozi kikatulia. Dakika chache tu, kasinzia.

Nta akarudi, akamkuta. Akataka kumwondoa. Wakili akamkatalia: mtekelezaji hagusi mtu bila hukumu. Nywele akasema yeye hahukumu bila sheria. Na sheria ndiyo hiyo, imekwama kwenye kengele.

"Mabwana," nikasema, "amekuja mwenyewe, na ameketi kwenye mto. Desturi mnaijua."

Nywele akavua kofia.

"Huu ni udhalimu," Wakili akasema, ila kwa kunong'ona, asije akamwamsha.

Ndipo tukasikia matone sakafuni. Yalikuwa yanatoka kwenye kiti.

"Mto wangu," Nta akasema.

Mtunga sheria akamtazama mtekelezaji. Mtekelezaji akamtazama hakimu. Hakimu akasema kesi ya namna hiyo haimo kwenye mamlaka yake. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

Nikachukua nepi kavu. Nikaikunja taratibu, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nikauliza, jamani, tumefika kifungu cha ngapi?

Wakili akachovya kalamu kwenye wino.

"Cha arobaini," akasema. "Tumefika sasa hivi."