Swala ya Asubuhi Nyuma ya Uzio

Jumatatu, 8 Desemba

Tumpe ameniachia mbwa wake, Kashata. Yeye yuko Melbourne kwa dada yake hadi Jumapili. Nilimwambia mbwa ni maisha yangu. Uongo mtupu! Mbwa nawaogopa tangu utotoni. Lakini Kashata akipokelewa mzima, namtamkia Tumpe uchumba papo hapo. Akipokelewa na mkwaruzo, nimekwisha.

Jirani yangu Bisimwa, Mkongo wa Bukavu, mwanakwaya, kaja kumletea Kashata mfupa. Kwa nini? Mwanamume hampi mfupa mbwa wa mwanamke bure. Nimeutupa.

Jumanne, 9 Desemba

Ujumbe kutoka kwa Bisimwa. Naunakili kama ulivyo ("imbwa" yao ndiyo mbwa wetu): "Thobias, swala iko nyuma ya kwako kila asubuhi. Haipendi imbwa hata kidogo. Funga imbwa."

Mwanzoni nilidhani anasema mnyama. Lakini mimi nimefundisha Kiswahili Njombe kabla ya kuja huku ughaibuni kuendesha foklifti ya kupanga mizigo ghalani Ingleburn. Sidanganyiki. Angekuwa mnyama, angeandika "yuko", angeandika "hapendi". "Iko" na "haipendi" ni sala tu, basi. Sarufi haidanganyi. Kumbe! Wanakwaya wanakusanyika msituni nyuma ya uzio wangu, wanamwombea mabaya mbwa wa Tumpe, ili mimi nionekane sifai na Bisimwa ajichukulie Tumpe!

Kazini nikamuuliza Mwanakheri, mtu wa Pemba, anayejua mambo ya swala. Kasema hajapata kusikia swala inayomchukia mbwa wa mtu. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepeleleza dirishani na kikombe cha chai. Bisimwa kasimama kwenye uzio. Kavua kofia, kainamisha kichwa, kimya. Anasali! Mara majani ya upande wa pili yakatikisika, kitu kikakohoa. Kiitikio hicho.

Nikatoka kumkabili. Akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza nisivuke kabisa: mama iko na mtoto mule ndani ya majani, ikiona imbwa itatupiga mateke. Nikamjibu kwamba simwogopi mama yeyote wa kwaya, awe na mtoto mgongoni au asiwe naye. Akanitazama kwa huruma. Mjanja huyo.

Ijumaa, 12 Desemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Asubuhi nilivaa suti. Mtu hakatizi ibada na kaptula. Nikamfunga Kashata kamba, tukapenya pale uzio ulipobomoka. Hotuba nilikuwa nayo tayari: "Ndugu waumini..." Hapakuwa na waumini. Palikuwa na mtoto, kalala kwenye nyasi, ana madoa meupe mgongoni. Kashata akabweka. Ndipo mama akatoka kichakani.

Miguu minne! Swala hasa, wale wakubwa wa Kizungu wanaozurura vitongoji vya huku, kimo chake kifuani kwangu. Masikio kayalaza nyuma. Nikasema "Bwana asifiwe", kwa woga. Hakuitikia.

Akamjia Kashata kwa kwato za mbele. Kamba ikaniponyoka. Sawa, niliiachia. Nikageuka kukimbia, teke likanipata pale pale nilipotaka kukalia siku ya posa. Bisimwa akaruka uzio na mfuniko wa pipa la taka, akamkinga Kashata, akamkumbatia, akarudi kinyumenyume polepole. Mbwa hana hata mkwaruzo. Mimi sikai.

Nimemwomba Mungu Tumpe asijue.

Jumapili, 14 Desemba

Kajua. Alipofika, Kashata alinipita mbio akamrukia Bisimwa, akamlamba mpaka masikio. Mbwa hana siri. Ikabidi nieleze. Tumpe akataka kuuona ule ujumbe. Akausoma mara moja tu. "Thobias, seriously? Mwenzio kakwambia kuna swala nyuma ya nyumba! Hata Kashata angeelewa!"

Nikamfafanulia suala la ngeli. Nikamchorea na jedwali. Akachukua kamba ya mbwa, akaenda kwa Bisimwa kushukuru. Nilisikia wakicheka. Walicheka muda mrefu. Kimeniuma kicheko kile, kuliko hata teke. Nampenda yule mwanamke.

Jumatatu, 15 Desemba

Ujumbe wa Tumpe: "Thobias, wewe ni mtu mzuri, lakini imetosha. Tusitafutane."

Nimelia kidogo. Kisha nikapangusa macho, nikausoma tena, kitaalamu.

"Tusitafutane." Kauli ya kutendana! Hakuandika "usinitafute". Kutafutana hakufanywi na mtu mmoja. Kumbe muda wote huu naye alikuwa ananitafuta! Anaona haya tu kusema wazi, mtoto wa watu. Bisimwa hawezi kuliona hilo hata akikesha. Hana ngeli.

Kesho jioni naenda kwa Tumpe kutoa posa, nimsomee ile hotuba. Nitaondoa "ndugu waumini". Suruali nimeshaishona.