Jarida la Mwelu, Kila Ijumaa Bila Kukosa

Jumatatu, 3 Novemba

Mwelu ameandika. Dada yangu mdogo hana ukali, na hapo ndipo panaponiuma. Anafanya kazi ya nyumba kule Muscat, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Kila Ijumaa anafungua barua pepe kutafuta jarida langu. Nilimwahidi mwenyewe, pale Voi, siku anaondoka. Kila Ijumaa! Likatoka la kwanza, likatoka la pili, kisha kimya. Sasa anasema Ijumaa hii asipoona kitu, atajiondoa kwenye orodha ya wasomaji. "Si kwa hasira, kaka. Nimechoka kungoja tu."

Orodha yenyewe ina watu watatu. Mwelu, mimi, na jirani yetu Obadiah, aliyejiandikisha ili anipeleleze. Yeye ana jarida lake la ufugaji wa kuku. Hutoka kila Ijumaa, hata kuku wakifa.

Mwelu asijiondoe! Bila yeye nitabaki namwandikia Obadiah. Na kipaji ninacho, tatizo ni ratiba. Kuanzia kesho ninaamka saa kumi na moja alfajiri, naandika, ndipo nafungua kibanda changu cha kutengeneza simu. Bila kukosa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeamka saa mbili.

Na mpango ulikuwa mzuri! Simu ya kuniamsha niliiweka chumbani kwa Mama, ili nilazimike kuinuka kwenda kuizima. Ikalia. Mama akaizima. Anasema nilikuwa nakoroma vizuri, akanionea huruma, na hajawahi kusikia mtu amekufa kwa kulala. Nikamweleza kuhusu nidhamu ya waandishi. Akaniuliza chai niletewe na mandazi au viazi vitamu.

Viazi.

Jioni Obadiah amepita kibandani kuuliza jarida linaendeleaje. Nikamwambia liko jikoni. Akatabasamu kwa upole. Simpendi mtu anayetabasamu kwa upole.

Jumatano, 5 Novemba

Mbinu mpya. Nimempa Mama ufunguo anifungie chumbani, asifungue mpaka nimpitishie ukurasa mzima chini ya mlango.

Nilianza na nembo. Tembo anayesoma. Akatoka kama birika. Nikamchora upya, akatoka kama birika kubwa zaidi. Basi, nikaandika "Mpendwa Mwelu", na hapo nikakwama. Nimwambie nini? Kwamba nyumba imekuwa kubwa mno? Kwamba asubuhi Mama bado hutoa vikombe vitatu, kisha kimoja hukirudisha kabatini polepole? Hizo si habari za jarida. Jarida linataka vichwa vya habari. Ndiyo sababu nilianzisha jarida badala ya barua, ili mtu asije akalia.

Mama amefungua mlango kabla ya ukurasa. Chakula hakimshuki akijua kuna mtu amefungiwa na njaa.

Jioni: wazo! Sisi Wakamba wa hapa Miasenyi, kazi ikimshinda mtu, huita mwethya. Majirani wanakuja wote asubuhi moja, kazi inaisha, wewe unawapikia. Zamu yao ikifika, nawe unakwenda. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kutangaza. Mwethya kwangu, Ijumaa asubuhi! Hata Obadiah amekubali. Kukataa mwethya ni aibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepumzika. Mwenye mwethya hafai kuchoka kabla ya wenzake. Mama ametwanga mahindi ya kupika muthokoi kutwa nzima, bila kuniuliza ni kazi gani tunayoitia watu. Ananiamini. Au amenizoea.

Ijumaa, 7 Novemba

Wamekuja na majembe! Wote! Ni kweli sikutaja kazi yenyewe. Mutheu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mwethya, akauliza shamba liko wapi. Nikamwonyesha kompyuta juu ya meza.

Wakaitazama kompyuta, wakayatazama majembe yao. Ikabidi nieleze habari ya Mwelu, na ahadi, na kule kungoja kwake, mpaka sauti ikanikatika mbele za watu. Nilitamani kuingia chini ya meza. Mutheu akaegemeza jembe lake ukutani.

"Kazi ni kazi," akasema. "Tugawie kila mtu sehemu yake."

Wakajipanga kama wako shambani. Obadiah akashika kompyuta, maana anaandika kwa vidole vyote. Mutheu akaripoti kwamba tembo waliingia usiku, wakala mboga zake zote, za jirani hawakuzigusa, na bado anataka kujua yeye aliwakosea nini. Mzee Festus akasema mbuzi wa Mwelu amezaa pacha, na mmoja ni mbishi kama mwenyewe. Mama akakaa pembeni na mwiko wake, akikataa kusema. Walipomaliza wote, akasema.

"Mwambieni kitanda chake sijampa mtu."

Nilitaka kuikata sentensi hiyo. Haina kichwa cha habari. Lakini Obadiah alikuwa ameshaiandika, na alikuwa anafuta miwani. Tukatuma. Muthokoi ukaliwa mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mwelu amejibu! Hajajiondoa! Amesoma akiwa ameketi kwenye ngazi. Kwenye mbuzi akacheka peke yake, kwenye kitanda akalia, kisha akaanza tena kutoka mwanzo. Anasema hicho ndicho alichokuwa akingoja. Nikamsomea Mama. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na machozi yakanitoka, wala sikujificha. Nampenda huyo mtoto.

Hata hivyo ukweli usemwe. Haya ni matunda ya nidhamu yangu ya wiki nzima. Kilichopungua ni ratiba bora zaidi.

Ijumaa, 14 Novemba

Ratiba imekamilika! Imenichukua wiki. Ina rangi nne, na birika kwenye kona. Leo nilienda nayo Voi ikafunikwe kwa plastiki, isije ikaharibiwa na mvua.

Nimerudi jioni nakuta sahani chafu kila mahali. Jarida limeshatumwa! Mutheu alikuja na kikundi chote asubuhi, safari hii bila majembe. Obadiah akaandika, Mama akapika. Mhariri hakungojwa! Mama anasema waliona nina shughuli nyingi.

Na Mwelu ameshajibu. Amefurahi sana. Ila anauliza mimi niko wapi. Ametafuta maneno yangu mwanzo hadi mwisho, hakuyaona. "Hata mstari mmoja, kaka. Hata wa uongo."

Nimeusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko wa ratiba mkononi. Mstari mmoja! Dada yangu hawezi kupewa mstari mmoja. Anastahili ukurasa mzima, ulioandikwa kwa utaratibu. Kompyuta nimeifunga kwa leo. Ratiba nimeitundika juu ya kitanda. Kuanzia Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, bila kukosa.

Simu ya kuniamsha nimeiweka chumbani kwa Mama.