Kura za Korosho Kijiweni Rahaleo

Redio ya Farida, muuza kahawa, ilikuwa ndiyo kwanza imesema: huko Ulaya, kwenye nchi yenye mfalme, waziri mkuu kashindwa uchaguzi, na kesho yake kabeba mabegi yake mwenyewe kahama nyumba ya serikali.

Amiri akaidaka habari hiyo juu kwa juu. Miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa muda wa kijiwe, na leo ndiyo siku ya uchaguzi aliouahirisha mara sita. Mgombea ni yeye peke yake, na bado kura hakuzitaka.

“Mmesikia? Ufalme ndio unaolinda demokrasia! Cheo cha juu kina mwenyewe, hakuna wa kukigombania. Nifanyeni mfalme, kura za nini?”

“Thubutu!” akafoka Inasio, kuli wa bandarini. “Mfalme wa kule hana sauti, kazi yake kusaini na kupunga mkono. Wewe ukinyamaza dakika mbili si tutakukimbiza hospitali?”

“Halafu arithi nani?” akadakia Rashidi, waliyemwita Profesa, darasa la saba. “Yule mwanao anayeshangilia Simba na Yanga kwa pamoja?”

“Na hiyo jamhuri yenu je? Mmeniacha miaka tisa, mnanitazama tu!”

Hilo liliwachoma kweli. “Tulikuwa tunakunywa kahawa,” Rashidi akajitetea.

Farida akakata maneno. Akagawa korosho moja na ganda moja kwa kila mtu, naye akajichukulia zake. Korosho ndiyo, ganda hapana. Unatumbukiza koponi umefumba kiganja, mtu asione.

Amiri akaomba neno moja la kampeni. Jamani, neno moja la Amiri! Robo saa nzima akawapandisha wafalme na kuwashusha marais, hadi Farida akampokonya zamu na kuzungusha kopo.

Kura zikamwagwa kwenye sinia. Maganda manne, korosho hata moja.

“Manne?” Amiri akashtuka. “Ina maana hata mimi…” Ulimi ukakuta chengachenga za korosho kwenye jino. Aibu ikamvaa.

“Wallahi mimi sikukukataa, Mwenyekiti,” Inasio akanong’ona. “Korosho niliitafuna ukiwa kwenye wafalme.”

“Mimi kwenye marais,” akasema Rashidi.

Farida akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, bado anatafuna.

“Basi turudie!” Amiri akasihi.

“Matokeo ni matokeo, umeng’oka,” Farida akasema. “Na huo ufalme sahau. Sisi hawa, tukiletewa mfalme, si tutamla na taji lake?”