Hedifoni Moja, Masikio Mawili

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimewaona! Nyuma ya simtanki la maji. Faraja wangu na yule Jastin wa mtaa wa pili. Hedifoni moja, yeye sikio lake, mwenzake sikio lake, vichwa vinatingishika pamoja. Nilikuwa nashona sketi ya mteja, nikajishona kidole.

Na wala si nyimbo za rika lao. Dansi la zamani, magitaa matupu. Mimi na baba yake tulianza hivi hivi, redio moja ya betri. Mimi nikaishia kidato cha pili na tumbo. Yeye akaishia machimboni Tunduru, hajarudi mpaka leo. Faraja ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Ee Mungu, amalize shule tu. Sitaki kingine.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeficha hedifoni kwenye ndoo ya unga. Akili!

Jioni. Sasa wanasikiliza bila hedifoni. Sauti ya ile simu ni ndogo, kwa hiyo wamesogeleana zaidi. Nimeitoa haraka, nimeipangusa unga, nimesema nimeiokota uani. Faraja akauliza mbona inanuka sembe. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata dawa. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu, basi. Hakuna mapenzi hapo. Nikamwita Jastin, nikamuuliza kwao mama yake ni wapi. Matombo. Na sisi Matombo! Ukoo gani? Akasema hajui, mama hajawahi kumwambia. Watoto wa mjini hawa, Mungu awabariki.

Nikapiga kigelegele. Nikasema huyu ni wa ukoo wetu, sura tu inaonyesha, Faraja msalimie kaka yako. Faraja akachomoa hedifoni sikioni. Nimekula ugali wote leo.

Alhamisi, 7 Agosti
Jastin kaja mchana. Shikamoo mama mdogo! Kapita moja kwa moja jikoni, kafunua sufuria. Kaondoka na giza. Nikamuuliza jirani yangu Pili, ambaye siku zote ndiye mlinzi wangu, mbona leo hajawafukuza. Pili akasema wee mama Faraja, nifukuze ndugu wa watu? Si umetangaza mwenyewe mpaka gengeni?

Ijumaa, 8 Agosti
Wameaga wanakwenda maonyesho ya Nane Nane. Wawili. Nitakataa kwa sababu gani, binti amesindikizwa na kaka yake? Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Sijashona hata kifungo. Wamerudi saa kumi na moja, wanacheka. Wanacheka nini?

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa. Kaka yangu Fransisko kateremka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi. Habari imepanda mlima kabla ya bodaboda. Amefurahi mno, eti tumepata ndugu waliopotea, na yeye ndiye mjomba, lazima akawatambue. Nikasema kichwa kinaniuma. Akasema kitapona njiani.

Mama yake Jastin anaitwa Veronika, anauza magimbi sokoni, ndiyo kwanza tunaonana. Katupokea kwa soda. Kaka akaanza kumuuliza bibi zake, mmoja mmoja. Kwa bibi wa tatu akaweka soda chini. Nikaomba paa linidondokee.

Si ukoo wetu. Ni ukoo wa marehemu baba yetu! Kaka akapiga paja, akasema hao ndio tunaooana nao tangu zamani, dada umechagua vizuri, wamalize shule tu tutazungumza. Nikamwagikiwa na soda. Veronika naye kaweka mikono kichwani. Kumbe alishafurahi kwamba ni ndugu! Alikuwa anaogopa Faraja atamharibia mwanawe masomo. Faraja wangu! Atamharibia!

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa Faraja kakaa karibu yangu. Nikajiandaa kugombezwa. Badala yake kanipachika hedifoni sikioni. Ule wimbo wetu wa redio ya betri! Nikauimba wote, hata pale gitaa linapozunguka. Akaniambia, mama, tunasikiliza nyimbo tu. Shule nitamaliza. Mimi si wewe.

Nimelia kama mjinga. Kweli, si mimi. Nimeahidi mbele ya picha ya Bikira Maria: sitaingilia tena. Nimemaliza.

Jumatatu, 11 Agosti
Veronika kaja asubuhi. Naye hajalala. Tumekubaliana kuwaamini watoto wetu. Tumekunywa chai kwa amani kabisa.

Ila Pili kapita, katueleza kwamba kwao Waislamu watoto walionyonya ziwa moja hawaoani, ni ndugu moja kwa moja. Mimi na Veronika tukatazamana. Tukakumbuka ghafla, wote wawili, kwamba mwaka ule Faraja alipozaliwa Veronika aliugua sana, na Jastin alinyonya kwangu miezi miwili. Mtoto alikuwa na njaa, maskini! Veronika karibu atoe machozi.

Tunawaambia leo jioni. Kwamba Veronika nimemwona mara ya kwanza Jumamosi, hilo nani atalikumbuka?