Mgomo wa Besiboli Umeninyima Mke

Manyatta, Kisumu.
Oktoba 1994

Mheshimiwa Mhariri,

Kwanza pole kwa kazi ya kusoma malalamiko ya watu wazima. Naomba nafasi gazetini niwashukuru wachezaji wa besiboli wa Amerika, pamoja na mabwana wenye timu, kwa kuninyima mke.

Kwa wasioujua mchezo huo: mtu hupiga mpira kwa rungu, kisha hukimbia kwa bidii mpaka pale pale alipotoka. Kaka yangu mkubwa, Absalom, anauza soseji katika uwanja mmoja huko. Alimwandikia Baba kwamba hatarudi kuoa mpaka timu yake ichukue ubingwa. Mwaka huu ilikuwa inaongoza, Mhariri. Mama alishaanza kuisiriba nyumba upya. Mwezi wa nane wachezaji wakagoma kwa ajili ya mambo ya mishahara, na sasa imetangazwa kwamba mwaka huu hakuna bingwa. Basi nalalamika hivi:

1. Kwetu Wajaluo mdogo haoi kabla ya mkubwa. Ukimruka kaka yako unapatwa na chira, na hiyo ni laana isiyosikia dawa ya hospitali. Wachezaji walipogoma, walilifikiria jambo hili? Sidhani.

2. Mchumba wangu Milka, wa Pap Onditi, amechoka kungoja. Kuna Simiyu, fundi wa redio, ambaye siku hizi anamsindikiza kutoka kanisani bila kuombwa. Huyo ni kifungua mimba kwao, hana wa kumngojea. Nampenda Milka, na hilo silisemi kwa mzaha.

3. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, sawa. Lakini fahali wako Amerika, na nyasi ziko Manyatta. Hizi zilikanyagwa vipi?

4. Kama wameshindwa kupatana, walete ugomvi wao kwenye baraza la chifu wetu. Mtu aliyepatanisha wake wenza watatu wanaotumia jiko moja hatashindwa na watu wa rungu. Wakikataa, basi timu ya Absalom ipewe kombe hivyo hivyo. Nitalipokea mimi kwa niaba yake, nauli wanitumie.

Nisalimie wapiga chapa, matarishi, mama wa chai hapo ofisini, na kila mwenye kazi ambaye bado hajagoma.

Ni mimi, kapera kwa makosa ya wengine,
Joram Odira

Baada ya kutia sahihi: Milka ameisoma barua hii na amefurahi mno, hata akanifungulia mipango yake yote. Tukishaoana, kaka zake Dalmas na Ouma watahamia kwetu, chumba kimoja, mpaka wapate kazi. Dalmas hajawahi kutafuta. Mimi nitaacha mpira wa Jumapili niingie kwaya, na nyama tutaionja Krismasi. Kwa hivyo, Mhariri, nakusihi usiichape. Mambo ya mishahara ni mazito, na wachezaji wana haki zao. Tafadhali watu wasiharakishwe.